Sindano Iishe, Sauti Ibaki

Sahani nyingi za santuri zilizoharibika Sumbawanga hazikuvunjika wala hazikuibwa. Zilimalizwa na sindano zilizostahili kutupwa zamani. Nimezishika sahani hizo tangu ujanani, kwanza katika kibanda cha fundi redio pale Majengo na baadaye mezani kwangu, na kila ninapoinamisha moja kwenye mwanga wa dirisha nakuta alama ileile: mifuo iliyokuwa myeusi ya kung'aa imepauka, imekuwa ya kijivu. Kijivu hicho ni wimbo uliochongwa ukatoka. Hauoshwi ukarudi.

Nayaandika haya sasa kwa sababu masanduku yameanza kufunguliwa. Wazee wanafariki, nyumba zinagawanywa, na wajukuu wanakuta chini ya kitanda sahani za Mbaraka Mwinshehe, za Cuban Marimba, za wanamuziki wa Kongo, pamoja na gramafoni ambayo haijawashwa kwa miongo kadhaa. Jambo la kwanza wanalofanya ni kuweka sahani na kushusha mkono. Natamani wangeanza na sindano.

Ufipa iko mbali na kila mahali palipotengenezwa muziki huo. Uwanda wetu umekaa juu, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, na mji wa Sumbawanga uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800. Gramafoni zilipandishwa huku na watu waliokwenda kutafuta maisha. Vijana wengi wa Kifipa walivuka mpaka kupitia Mbala, enzi hizo ikiitwa Abercorn, wakaenda kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Waliojaliwa walirudi na baiskeli, cherehani na mablanketi. Wachache walirudi na gramafoni. Mjomba wangu alikuwa katika hao wachache. Sahani zilifuata kwa njia zake. Za Kikongo zilishushwa kutoka meli ya Liemba, Kasanga na Kipili. Za Zambia zilitoka Ndola, kwenye kampuni ya Teal. Na za bendi zetu wenyewe zilichapwa Nairobi, zikasafiri mpaka Mbeya, zikafika Tunduma, kisha zikaianza ile barabara ya vumbi ya kuja kwetu.

Mwaka 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na haukufunguliwa tena hadi 1983. Katikati ikaja vita ya Kagera, kisha ule uhaba ambao kila aliyeishi miaka hiyo anaukumbuka kwa sabuni na sukari. Sisi wa nyumba zenye gramafoni tunaukumbuka kwa sindano pia. Hazikuwepo madukani. Aliyekuwa na moja aliitumia mpaka mwisho wake, na baada ya mwisho akaendelea nayo. Hapo ndipo ilipoota mizizi tabia ya kuihurumia sindano, na tabia hiyo ilibaki hata vitu vilipoanza kupatikana tena ng'ambo ya pili ya Tunduma, kule Nakonde.

Fundi aliyenifundisha kazi aliipiga vita tabia hiyo kila siku. Mteja akifika, hakugusa bisibisi. Alichukua lenzi, ile ya jichoni, aliyoipata kwa jirani yake fundi saa.

"Shikamoo, fundi. Spika ya gramafoni yangu imepasuka," mama mmoja alimwambia nikiwa nimeketi pembeni.

"Marahaba, mama. Tuiache spika kwanza. Hebu nione kichwa."

Kichwa ndiyo katriji, kile kidude cha mbele ya mkono kinachobeba sindano. Fundi alikichomoa, akakigeuza juu chini, akakisogeza chini ya taa huku akikizungusha taratibu. Akaniita nitazame. Kwenye lenzi, ncha ya sindano nzima huonekana ya mviringo na hutoa kinukta kimoja tu cha mwanga. Ile ya mama ilikuwa na mabaka mawili bapa, moja kila upande, yakimetameta kila yalipokutana na taa. Kingo za mabaka hayo zilikuwa kali. Sindano ile ilikuwa imeacha kuwa sindano, imekuwa patasi. Kila ilipopita kwenye mfuo ilikuwa ikichonga.

"Spika yako ni nzima," fundi alimwambia. "Kinachopasuka ni sahani zako, mama. Na hazishoneki."

Ili kuelewa ukali wa jambo hili, mtu aifikirie ncha yenyewe. Ncha ya sindano ya kawaida ya sahani za stereo ina nusu kipenyo cha takriban sehemu 18 za elfu ya milimita. Ile ya sahani za zamani za mizunguko 78 kwa dakika ni kubwa zaidi, kama 65. Mkono unaibana kwa uzito wa gramu chache, mbili au nne au tano kutegemea kichwa, lakini uzito huo wote unaangukia mahali padogo mno pa kuta za mfuo. Ukipiga hesabu, shinikizo hufikia tani kadhaa kwa sentimita moja ya mraba. Ncha ikiwa ya mviringo, plastiki ya sahani hubonyea kidogo na kurudi. Ikiwa na kingo, plastiki hukatika, na vinavyokatika kwanza ni vile vimawimbi vidogo vya sauti za juu: ncha za herufi za mwimbaji, mlio wa gitaa la solo, vumbi la manyanga. Besi hubaki. Ndiyo maana watu husema sahani "bado inaimba". Inaimba, lakini maneno hayasikiki sawasawa.

Gramafoni nyingi za bei nafuu zilikuja na ncha ya yakuti, na yakuti huisha upesi. Maisha yake huhesabiwa kwa makumi ya saa. Tuseme saa 50. Uso mmoja wa sahani ndogo ya mizunguko 45 huchukua kama dakika 3, kwa hiyo saa 50 ni nyuso 1,000. Nyumba inayopiga nyuso 20 kila Jumapili inaimaliza sindano hiyo ndani ya mwaka. Almasi hudumu kati ya saa 500 na 1,000, yaani kama miaka kumi ya Jumapili hizo au zaidi. Nilipokuwa kijana nilimuuliza fundi kwa nini nchi yenye almasi ya Mwadui inahangaika na ncha za yakuti. Alisema almasi yetu ingerudi siku tukiwa na mtu wa kuichonga. Nimelikumbuka jibu hilo kwa miaka mingi, na sijaona kosa ndani yake.

Alikuwa na utaratibu aliomtaka kila mteja aufuate. Alibandika karatasi upande wa ndani wa kifuniko cha gramafoni na kufunga kalamu ya risasi kwa uzi. Kila siku ya kupiga santuri, mstari mmoja. Karatasi ikijaa, njoo na kichwa nikitazame, hata kama unasikia muziki ni safi. Maneno hayo ya mwisho ndiyo wateja waliyoyaona magumu. Nani atatembea kutoka Chanji au Katandala kupeleka kwa fundi kitu ambacho hakijaharibika?

Lakini sikio huzoea. Hili ndilo somo kubwa nililolitoa kwenye kibanda kile, na nimeliona likifanya kazi mbali na gramafoni. Sindano haivunjiki siku moja. Hulika kidogo kidogo, na kila siku sauti inayotoka inafanana sana na ya jana. Mwenye nyumba analinganisha leo na jana, halinganishi leo na siku ile alipoinunua. Siku anaposikia mkoromo, uharibifu umeshapita kwenye kila sahani aliyonayo, na uliopita zaidi ni kwenye zile anazozipenda, maana hizo ndizo alizozipiga mara nyingi. Kitu kinachochakaa kwa utulivu hakiwezi kuachiwa kitoe taarifa chenyewe. Lazima kiwe na tarehe yake, hesabu yake, na mtu wa kukitazama.

Dawa ya nyumbani ilizidisha ugonjwa. Sindano iliyolika hurukaruka, na mtu akiona inaruka aliweka sarafu juu ya mkono. Mara nyingi ilikuwa senti 50, ile yenye sungura, ambayo ina uzito wa takriban gramu 4. Kuruka kulikoma. Kwa kichwa kilichotengenezwa kubeba gramu 4, mzigo ulikuwa umekuwa mara mbili, na sasa ulikuwa umewekwa juu ya patasi. Fundi alikuwa na kikopo cha sarafu alizozibandua. Aliwarudishia wenyewe fedha zao, akarekebisha springi ya mkono, na kuwaeleza sababu ya kuruka ilikuwa nini.

Ncha ni mgonjwa mmoja tu. Ndani ya kichwa kuna wengine wawili, na Ufipa ina namna yake ya kuwaua.

Wa kwanza ni kioo cha chumvi. Vichwa vingi vya zamani vilitoa umeme wake kutoka kwenye chumvi ya Rochelle, iliyopewa jina la mji wa La Rochelle huko Ufaransa. Mwaka 1880 ndugu wawili, Pierre na Jacques Curie, walionyesha kwamba fuwele za aina hiyo zikibanwa au kupindwa hutoa umeme. Sindano ikitikiswa na mfuo, hukipinda kioo, na umeme unaotoka unatosha kuingizwa moja kwa moja kwenye tundu la nyuma la redio ya valvu. Mara ya kwanza fundi aliponifungulia kichwa kilichokufa, nilikuta kipande chembamba cheupe, kifupi kuliko kidole changu cha mwisho, kimebandikwa karatasi ya fedha pande zote mbili. Nilipokigusa kwa ncha ya kibanio kilimeguka na kuwa unga.

Chumvi hiyo haipendi unyevu. Huko Tanga na Dar es Salaam hunyonya maji ya hewani na kuyeyuka pole pole. Sisi wa nyanda za juu tulidhani tumesalimika kwa kuwa kiangazi chetu ni kikavu. Kumbe hewa kavu mno nayo huinyang'anya chumvi maji yaliyomo ndani ya fuwele, ikabaki unga. Na ipo sababu ya tatu, ambayo ni ya kwetu hasa: baridi. Mwezi Juni na Julai upepo wa Ufipa unaingia mpaka mifupani, na watu huingiza jiko la mkaa sebuleni. Gramafoni nayo hukaa sebuleni. Chumvi ya Rochelle huharibika kabisa ikifikia nyuzijoto 55 hivi, na kifuniko cha gramafoni kilichokaa karibu na jiko usiku kucha kinafika huko bila mtu kujua. Kila Agosti fundi alipokea vichwa vilivyokufa kimya. Swali lake la kwanza kwa mteja lilikuwa, "Jiko mnaliweka wapi?"

Kipimo chake kilikuwa rahisi. Aliwasha gramafoni, akaongeza sauti, akazigusa waya za kichwa kwa kidole. Spika ikivuma, waya na redio ni vizima. Kisha akaipapasa sindano taratibu. Kama haikusikika hata kidogo, au kama ilitoa sauti nyembamba isiyo na besi, kioo kimekufa. Hapo hakupoteza muda wa mtu. Kioo cha chumvi hakitengenezwi, kichwa hubadilishwa. Alitafuta cha kauri, ambacho hakijali unyevu, akakifunga kwa skrubu mbili. Kabla ya kulehemu waya yoyote alivichomoa kwanza vibanio vyake kutoka kwenye pini, ili joto la chuma cha kulehemu lisipande ndani. Nimeona vichwa vipya vikiuawa kwa kuruka hatua hiyo moja.

Mgonjwa wa pili ni mpira. Sindano haikai juu ya chuma; inashikwa na kimpira laini kinachoiacha icheze. Mpira ukizeeka hukauka, hupasuka, au hugeuka utomvu wa kahawia unaonata. Ukikauka, sindano inashindwa kuufuata mfuo, nayo hujilazimisha kwenye kuta zake. Hata ncha ikiwa mpya, inapita kwa nguvu, na mifuo inalipa. Hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo, maana mpira unarekebishika. Fundi alitumia kile kimpira chembamba kinachovishwa kwenye vali ya tyubu ya baiskeli. Alikata kipande cha milimita chache kwa wembe mpya, akakivisha kwa kibanio mahali pa kile cha zamani, akaipapasa sindano kwa unywele wa brashi aone kama inarudi yenyewe katikati. Ikirudi upesi mno, kimpira ni kigumu, anakata kingine chembamba zaidi. Kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima na bei yake ilikuwa ndogo, kwa sababu alisema mpira wa baiskeli hauwezi kuuzwa kwa bei ya kichwa.

Nilijifunza hapo kwamba fundi mzuri anatambulika kwa kujua mpaka. Kioo kikifa, badilisha. Mpira ukikauka, tengeneza. Ncha ikilika, tupa. Anayejaribu kutengeneza cha kutupwa anaharibu sahani za watu, na anayetupa cha kutengenezwa anaharibu mifuko yao.

Vichwa vya siku hizi ni vya sumaku. Umeme wake ni mdogo sana, milivolti 5 hivi, kwa hiyo vinahitaji kikuza sauti chake, lakini vinakaa mepesi juu ya sahani, gramu mbili au chini yake. Namna ya kuvitunza haijabadilika kwa sehemu kubwa. Nyaya za ndani hupimwa kwa mita, na zikiwa nzima husoma omu mia kadhaa kila upande. Sindano huchomolewa na kubadilishwa bila kugusa kichwa. Uzito hupimwa, haukisiwi. Mizani midogo ya kidijitali wanayotumia wanunuzi wa dhahabu kule Mpanda na Chunya inafaa kabisa, na nimeitumia kwa miaka. Ncha husafishwa kwa brashi laini, kutoka nyuma kuja mbele, kamwe si kwa kurudi, na spiriti isifike kwenye mpira.

Na vumbi letu, lile jekundu la kiangazi, lina mchanga ndani yake. Mchanga ukiwa kwenye mfuo huisaga almasi na sahani kwa pamoja. Sahani ioshwe kwa maji yaliyotoneshwa, yale ya betri yasiyo na asidi, na matone machache ya sabuni laini, kisha isuuzwe na iachwe ikauke kivulini. Sahani nzito za zamani za mizunguko 78 zisiguswe na spiriti hata tone, kwa kuwa zimetengenezwa kwa shelaki, na spiriti huyeyusha shelaki.

Watu huniuliza kama sahani iliyopauka inaweza kuokolewa. Mfuo haurudi, lakini mara nyingine wimbo haujaondoka wote. Sindano ya zamani ililika na kuchonga kwenye kimo kimoja cha ukuta. Ukitumia ncha ya ukubwa tofauti, pana zaidi au nyembamba zaidi, itakaa juu au chini ya kimo hicho, kwenye sehemu ambayo patasi haikuifikia. Wanaohifadhi sauti duniani hufanya hivyo, na mimi nimewahi kuyasikia maneno ya mwimbaji yakijitokeza tena kwenye sahani ambayo wenyewe walishaikatia tamaa. Sahani za mono, ambazo ndizo nyingi katika muziki wetu wa zamani, zinapata nafuu zaidi ukiunganisha nyaya za kushoto na kulia, kwa sababu kelele inayotokana na sindano kupanda na kushuka hujifuta yenyewe, na wimbo, ulioandikwa kwa kwenda kando, unabaki.

Nafuu hiyo ina mwisho. Kampuni ya Shure ya Marekani, ambayo vichwa vyake vilienea dunia nzima, iliacha kuvitengeneza mwaka 2018. Bado wapo wengine. Audio-Technica ya Japani inaendelea, na Jico, ya huko huko Japani, iliyoanza na sindano za kushonea mwaka 1873, inatengeneza sindano za badala za vichwa vingi vya zamani. Kijana wa Sumbawanga mwenye simu anaweza leo kuagiza kile ambacho mjomba wangu hakukipata hata kwa kusafiri mpaka Nakonde. Uhaba ule umekwisha. Kilichobaki ni tabia yake.

Na tabia hiyo sasa inagharimu kuliko zamani. Mjomba alipochakaza sahani, nakala nyingine ilikuwepo Mbeya, au Tabora, au kwenye nyumba ya jirani. Leo wimbo uliochapwa mara moja Nairobi, wa bendi iliyovunjika na ambao mkanda wake haujulikani ulipo, unaweza kuwa umebaki kwenye sahani chache tu, na mojawapo iko chini ya kitanda cha bibi yako. Kila inapopigwa kwa sindano mbovu, nakala hiyo inapungua. Hata mwenye nia njema, anayetaka kuiingiza kwenye kompyuta ili isipotee, akiipiga kwa sindano ya mwaka 1980 anaipoteza katika tendo lilelile la kuihifadhi.

Kwa hiyo ukifungua sanduku, ziache sahani ndani ya makaratasi yake. Chomoa kichwa, kipeleke kwa mwenye lenzi, na kama huna wa kumwamini, ichukulie sindano hiyo kuwa imekwisha. Itupe bila huruma, hata kama ilikuwa ya babu. Babu hakuithamini sindano. Alithamini kilichokuwa kwenye sahani, na sindano ya kukisoma bado inatengenezwa. Inunuliwe kwanza, ndipo muziki upigwe.